Vioo Vitatu Ukutani

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa maji. Nilitoka kwenye kibanda chetu cha mabati na ndoo mbili, nikapita kando ya nyumba ya mwenye kiwanja, nikasubiri zamu yangu kwenye bomba lililokuwa mbele karibu na geti. Tulikuwa tumepanga nyuma ya nyumba ya watu, hapa Phahameng, kitongoji cha mji wa Bloemfontein, kwa miaka tisa. Bomba lilikuwa moja, choo kimoja, na kamba ya kuanikia nguo ilikuwa na ratiba yake. Siku zetu zilikuwa Jumanne na Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe.

Kamohelo, binti wa mwenye nyumba, tulikuwa naye darasa moja. Alipenda kusimama barazani na kikombe cha chai akinitazama nikihangaika.

"We Keneuwe wa Nyuma!" aliniita asubuhi moja. "Usimwage maji ya watu!"

"Kwani wewe ndiye unayeyachota mtoni?" nilimjibu.

"Angalau mimi nikiamka nakuta ukuta. Wewe unakuta bati!"

Nilicheka ili asijue neno lile limeniingia. Lakini lilikuwa limeniingia sana, kwa sababu lilikuwa kweli. Wakati wa baridi mabati yale yalitoa jasho usiku kucha kwa joto la jiko la mafuta ya taa, na matone yakatuangukia kitandani. Mdogo wangu Pheello, mwenye miaka sita, alikohoa kuanzia Mei hadi Septemba. Muuguzi wa kliniki alimwambia Mama bila kuzunguka, "Dada, dawa nitakupa, ila huyu mtoto anachohitaji ni ukuta mkavu."

Mama alifua mashuka hospitalini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na akiba yake aliiweka kimya kimya kwenye chama cha akina mama wenzake. Jumapili moja ya mwezi Machi alituvalisha nguo safi, akasema tunakwenda kuangalia nyumba. Pheello aliuliza, "Ya nani?" Mama akajibu, "Labda yetu." Sijawahi kusahau alivyolitamka neno lile.

Nyumba yenyewe ilikuwa mitaa minne tu kutoka kwetu. Ilikuwa na vyumba vinne, bati jekundu, na baraza lililong'arishwa kwa nta nyekundu mpaka unajiona uso. Mwenyewe aliitwa Bibi Mmatladi, mjane aliyejifunga blanketi mabegani hata jua likiwaka.

"Karibuni, karibuni! Ila msikanyage baraza, nimelipaka sasa hivi," alisema. Kisha kabla hatujaketi akatuzungusha nyuma ya jiko, akasogeza makopo yake ya maua. "Tazameni kwanza hapa. Sitaki mtu aje kuniambia baadaye kwamba nilimficha."

Chini ya ukuta kulikuwa na ukanda wa zege la kijivu, na kutoka hapo mstari wa lipu mpya ulipanda hadi dirishani kama kovu. Bibi alieleza kwamba miaka sita iliyopita msingi ulizama na kuta zikapasuka. Mafundi wakaja, wakachimba chini ya nyumba, wakaweka nguzo za zege. Karatasi zao alizitunza kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kanisa.

Ndani alinionyesha chumba cha nyuma. Kilikuwa kidogo, na dirisha lilitazama mashariki. Mama aliniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Hiki ni chako na Pheello." Nilikuwa nimeshaanza kupanga kitanda kitakaa wapi.

Tukiwa njiani kurudi Mama alisema, "Ametuonyesha mwenyewe. Angetaka kutudanganya angepaka rangi tu."

Hata hivyo alimwita Mjomba Sechaba, kaka yake, fundi mwashi. Mjomba aligonga kuta kwa kishikio cha nyundo, akazisikiliza, akapiga magoti, akasimama, akamtazama dada yake.

"Disebo, wewe umeshainunua moyoni. Mimi umeniita nije kubariki tu."

"Angalia kazi iliyokuleta, kaka."

Alizisoma zile karatasi mara mbili. "Nguzo tano. Mbili mbele, mbili jikoni, moja chini ya dirisha la sebule. Sasa Bibi, pembe hii ya chumba cha nyuma mbona siioni humu?"

"Walisema hiyo ni imara," Bibi Mmatladi alijibu. "Na pesa nazo zilikuwa zimekwisha, fundi, nisikudanganye."

Mjomba alikuna kichwa. Alitueleza kwamba udongo wa kwetu ni mfinyanzi mweusi. Mvua ikinyesha unavimba na nyufa zote zinajifunga. Baridi ikiukausha unanywea, na nyumba inabaki bila pa kukanyaga. "Sasa ni Machi, udongo umeshiba. Hata nyumba mbovu inapendeza Machi. Tusubiri baridi ipite, ndipo tutajua."

"Mpaka lini?" Bibi aliuliza. "Binti yangu ananingoja Kimberley. Magoti haya hayatafika mwaka mwingine peke yake."

"Mwisho wa Agosti, Bibi. Nyumba ikivuka Agosti bila kusogea, Disebo ataweka saini siku hiyohiyo."

Bibi alinung'unika, lakini alikubali. Mjomba alikata vipande vya kioo kutoka dirisha kuukuu, kila kimoja kirefu kama kiganja changu. Alivibandika vitatu ukutani, kimoja jikoni, kimoja sebuleni, kimoja kwenye pembe ya chumba cha nyuma. Kila kimoja kilikatiza juu ya mstari wa ufa wa zamani, kimeshikwa kwa jasi ncha zote mbili. Juu ya jasi mbichi aliandika tarehe kwa msumari.

"Kioo hakijui kuvutika," aliniambia. "Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kinavunjika. Mimi nakwenda kwenye ujenzi Welkom mpaka Agosti. Keneuwe, wewe ndiye macho yangu. Kila Jumamosi uje, uangalie, uandike." Alinipa daftari. Dirishani aliacha mkebe wa jasi na vipande vingine vitatu vya akiba, endapo mtu angegonga kimoja kwa bahati mbaya.

Nilikwenda kila Jumamosi. Aprili, Mei na Juni niliandika neno lilelile mara tatu kila wiki: kizima, kizima, kizima. Bibi Mmatladi alinikaangia maandazi na kunipa chai ya maziwa, akaniuliza habari za shule kama mtu anayetaka kweli kujibiwa. Nikimaliza vioo nilikaa peke yangu chumba cha nyuma. Niliujua ukuta wake vizuri kuliko nilivyojua majedwali ya hesabu. Nilijua jua linagusa wapi saa nne.

Nyumbani, Juni ile Pheello alilazwa siku tano. Aliporudi alikuwa mwepesi kama kuku wa mwezi mmoja, na usiku tulimweka katikati yangu na Mama ili matone yatuangukie sisi.

Jumamosi ya pili ya Julai kulikuwa na barafu kwenye nyasi. Niliangalia jikoni, nikaandika kizima. Niliangalia sebuleni, nikaandika kizima. Nikaingia chumba cha nyuma, na kioo cha pembeni kilikuwa kimekatika katikati. Nyuma yake ufa ulikuwa umefunguka, mwembamba kama uzi.

Akilini nilimwona Mama, nikamwona Pheello, nikamwona Kamohelo na kikombe chake. Nikajiambia labda Bibi alikigonga kwa ufagio. Nilijua si ufagio. Nikavuta mkebe wa jasi, nikachanganya kidogo kwa maji ya glasi, nikabandua kile kilichovunjika, nikabandika kipya. Kwa msumari niliandika tarehe ya Machi, nikiiga mwandiko wa Mjomba. Ufa nao niliujaza jasi kwa kidole.

Nilipogeuka, Bibi Mmatladi alikuwa mlangoni, birika mkononi. Alinitazama, akatazama ukuta, akatazama vidole vyangu vyeupe.

"Chai inapoa," alisema, akaenda zake.

Niliandika: kizima. Vipande vilivyovunjika nilivifunga kwenye karatasi, nikavitia ndani ya mkebe wangu wa kalamu. Sijui kwa nini sikuvitupa.

Kile kipya cha pembeni nacho kilivunjika mwisho wa Julai. Cha tatu, palepale pembeni, kilivunjika katikati ya Agosti. Kila mara nilifanya vilevile, na kila mara Bibi aliniita chai bila kuniuliza kitu. Hatukutazamana tena machoni, mimi na yule bibi aliyenipenda.

Wiki zile zilikuwa mbaya kuliko njaa. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kuimba, alianza kuimba akipiga pasi. Alinunua kitambaa cha njano cha pazia, akakipima mikononi mwake, akaniuliza, "Unakipenda?" Nikasema ndiyo. Pheello alimtangazia kila mtu kwenye bomba kwamba tunahama. Hata Kamohelo alibadilika.

"Kwa hiyo utakuwa na chumba?" aliniuliza, bila kejeli. "Nitakuja kukutembelea?"

Nilimwambia aje. Halafu nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikalia.

Mjomba Sechaba alirudi Alhamisi ya mwisho ya Agosti. Kesho yake asubuhi Mama alikuwa na miadi kwa wakili, kuweka saini. Jioni ile, kabla jua halijazama, alipika ugali na miguu ya kuku, na gauni lake la kanisa lilikuwa limeshatundikwa ukutani, limenyooshwa.

"Haya, macho yangu," Mjomba alisema akifuta mikono. "Tusomee."

Nilifungua daftari. Nilisoma Aprili. Nilisoma Mei, nikasoma Juni. Sauti yangu ilikuwa ikitoka mbali. Nilipofika Julai niliendelea kusoma, kizima, kizima, kizima, na Mama aliitikia kwa kichwa kila neno kama mtu anayesikiliza wimbo wake.

"Mwanangu, umefanya kazi ya mtu mzima," alisema.

Hapo Pheello akanivuta mkono. "Keneuwe, mimi nitalala upande wa pembeni, sawa? Palepale ukutani. Nimeshachagua. Wewe ulale mlangoni."

Nilimwona amelala pale, na ukuta ule juu yake. Daftari likaniponyoka.

"Usilale pale," nilisema. "Pheello, usilale pale!"

Wote walinigeukia. Nilichukua mkebe wa kalamu, nikafungua karatasi, nikamwaga vile vipande mezani kati ya sahani. Mjomba aliviunganisha kwa kidole, kimoja kimoja, mpaka vikawa vioo vitatu.

"Vya pembeni?" aliuliza.

"Vya pembeni. Vyote vitatu. Nilikuwa nabandika vingine. Nilikuwa nataka..." Walijua nilichokuwa nataka.

Mama alisimama. Nilijikunja nikisubiri kofi. Afadhali angenipiga. Alitoka nje, akaigeuza ndoo tupu, akaikalia karibu na bomba, akafunika uso kwa kanga yake. Mabega yalitikisika. Kamohelo alikuwa barazani kwao. Alimtazama Mama, kisha akaingia ndani na kufunga mlango taratibu. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia jioni ile.

Asubuhi Mama hakuvaa gauni la kanisa. Tulikwenda kwa Bibi Mmatladi, tukiwa na Mjomba na sururu yake. Mama alieleza kwa ufupi. Bibi alisikiliza akiwa amelishika blanketi kifuani, kisha akasema, "Chimba, fundi."

Mjomba alichimba nje ya ile pembe. Haikuchukua muda. Udongo ulikuwa mkavu, umepasukapasuka, na umejitenga na msingi. Hapakuwa na nguzo. Mjomba alilala kifudifudi, akapitisha mkono chini ya ukuta mpaka kwenye kiwiko.

"Pembe hii haijakanyaga kitu," alisema. "Inaning'inia. Na ikishuka, inaondoka na ukuta wa kitandani."

Mama alimtazama Pheello aliyekuwa akichezea mavumbi ya shimo. Alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Inatengenezeka?" aliuliza.

"Inatengenezeka. Nguzo tatu, labda nne. Ila si kwa mfuko wako, dada. Na hiyo akiba ukiimalizia chini ya ardhi, nyumba yenyewe utainunua kwa pesa gani?"

Bibi Mmatladi aliketi kwenye ngazi ya baraza lake jekundu. Alionekana amezeeka ghafla.

"Nilimwona," alisema. "Disebo, nilimwona mtoto wako akibandika, Julai. Siku ya kwanza niliwaonyesha kovu la ukuta nikajiona mtu mwema. Lakini siku ya kioo nikasema chai inapoa. Nilitaka kwenda Kimberley. Nilimwacha mtoto abebe uongo ambao ulikuwa wangu." Aliniita, akanishika mikono. "Nisamehe, mjukuu wangu."

Mimi ndiye niliyetaka kuomba msamaha. Tulilia pamoja pale ngazini, na hakuna aliyetukataza.

Mjomba aliahidi kuiegemeza pembe ile kwa magogo kabla ya mvua, bila malipo, ili Bibi asilale kwenye hatari. Bibi alisema atakuwa akiwaonyesha wateja lile shimo kabla hata ya kuwakaribisha ndani. Alijua kwamba Kimberley sasa iko mbali. Alisema hivyo bila kulia.

Mama hakuweka saini.

Nyumbani, Mama alikikunja kile kitambaa cha njano, akakitia chini kabisa ya sanduku. Siku mbili hakuongea nami zaidi ya yale ya lazima. Jumapili alasiri aliniita mezani, akaweka daftari mbele yangu na kalamu.

"Anza Julai," alisema. "Sahihisha."

Nilikata neno kizima, nikaandika kimevunjika. Nikakata tena, nikaandika tena. Mama alikaa kando yangu mpaka nilipomaliza, na machozi yangu yalipodondokea wino hakunifuta.

"Nisikilize, Keneuwe," alisema. "Najua ulitaka nini. Mimi nilikitaka kuliko wewe, miaka tisa. Lakini kile kioo kiliwekwa ili kitutetee. Kilisema ukweli mara tatu, na wewe ukakiziba mdomo mara tatu kwa sababu unatupenda. Upendo wa namna hiyo ungemwangukia mdogo wako kichwani. Kwenye daftari, na popote, andika kilichopo. Tunachokitaka tutakitafuta kwa njia nyingine."

"Na sasa tutakaa wapi, Mama?"

"Hapahapa," alisema. "Chini ya bati." Hakujaribu kulipamba.

Baridi iliyofuata ilitukuta palepale. Pheello alikohoa. Mimi nilichota maji. Mwezi Mei Mama alikuwa amepata nyumba nyingine ya kuangalia, upande wa pili wa reli, nayo ilikuwa imewahi kutengenezwa msingi. Nilidhani kazi ya vioo atapewa mtu mwingine. Mjomba alipomaliza kuvibandika, Mama alitoa daftari lilelile kwenye mkoba, akalifungua ukurasa mpya, akaninyooshea mimi. Sikuamini. Nililipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi ya tatu ya Juni nilikuta kioo cha sebuleni kimepasuka. Nyumba ile nayo ilikuwa na dirisha zuri. Niliandika kimevunjika, na tarehe, kisha nikakimbia njia nzima mpaka hospitalini, nikamkuta Mama kwenye chumba cha kufulia amezungukwa na mashuka. Nilimpa daftari. Alilisoma mara moja tu. Uso wake ulisawijika, nikauona ukisawijika, na safari hii sikuwa na cha kuficha.

Alinifungulia mikono yake iliyolowa sabuni.

"Asante, mwanangu," alisema. "Sasa najua."